Kijivu Huchaguliwa Usiku

Wasee, kuna watu watakuambia kijivu ni kijivu tu, chukua yoyote upake ulale. Mimi nakataa. Hapo hadiwea kadi mbili za kijivu zinafanana kama pacha. Zikifika ukutani, moja inaingia ubuluu na nyingine inaanza kukaa chai ya maziwa.

Sababu ni hii: kijivu cha dukani mara nyingi si nyeusi na nyeupe peke yake. Anayechanganya huongeza buluu kidogo, au kijani, au kahawia. Hiyo rangi iliyojificha hujitokeza mwanga ukibadilika.

Ushauri wa kawaida ni uangalie rangi mchana, karibu na dirisha. Hapo sikubaliani. Hiyo ni stori ya watu wanaoshinda nyumbani. Wewe unatoka saa kumi na mbili asubuhi, unarudi saa mbili usiku, na dirisha lako linatazama ukuta wa ploti jirani. Chumba unachoishi ni cha balbu. Basi chagua ukiwa chini ya hiyo balbu.

Soma boksi yake. Ikiandikwa 6500K, mwanga ni mweupe na baridi, na kijivu chenye buluu kitakaa kama simiti ya stendi. Chukua chenye kahawia. Ikiwa 2700K, mwanga ni wa manjano, na sasa chenye kahawia ndicho kinaweza kuonekana kama ukuta umekula moshi.

Nunua kopo dogo la kila moja. Paka karatasi mbili ngumu, koti mbili kila moja, halafu ngoja zikauke kabisa, kwa sababu rangi mbichi hudanganya. Usiku zibandike ukutani na uweke karatasi nyeupe kando. Ubuluu au ukahawia utajianika wenyewe.

Utasema ni kazi mingi kwa bedsita ya kupanga. Si ndiyo maana? Kwanza umuulize landilodi kama anakubali, maana kuna nyumba ukihama unadaiwa kurudisha rangi ya zamani, na hiyo pesa inakatwa kwa dipoziti. Ukilipia ukuta mara mbili, angalau uwe ulioupenda.

Na zikikaa sawa hata usiku? Chukua iliyo nyepesi. Inarudisha mwanga zaidi chumbani, so balbu ndogo inaweza kutosha, na tokeni za stima zinasonga mbele kidogo.