Gesi ya Tangi: Mnaonyeshwa Majani, Hamuonyeshwi Maiti

Wasee wa matangi ya samaki, leo tukosane kidogo.

Kila nikifungua simu nakutana na video ileile. Tangi limejaa mimea, zulia la kijani chini, neon tetra wanapita kama wako kwa gwaride, mapovu madogo yanapanda polepole. Muziki wa kubembeleza. Halafu sauti: "Siri ni CO2 tu. Chupa ya soda, sukari, hamira, umemaliza." Sekunde thelathini, laiki kibao, na kesho yake vijana wako dukani wakitafuta hamira.

Hakuna anayetaja kwamba hiyo gesi inaua. Inaanza na samaki, na kwa vyumba tunavyoishi inaweza kufika hadi kwa mwenye tangi. Msimamo wangu ni huu, na mnitukane mkitaka: ukimwambia mtu anayeanza aweke CO2 bila kumwambia venye inazimwa, unamuuzia msiba na kuuita urembo.

Tuanze na sayansi ya darasani. Mmea unahitaji mwanga na kaboni dioksidi ili utengeneze chakula, hapo hatubishani. Maji yaliyokaa wazi hewani huwa na chini ya miligramu 1 ya gesi hii kwa kila lita. Wenye matangi ya kung'aa hulenga karibu miligramu 30. Yaani unaipandisha zaidi ya mara thelathini, ndani ya sanduku la kioo ambalo samaki hana mlango wa kutokea.

Na samaki pia anapumua. CO2 yake inatokea kwenye matamvua kuingia kwa maji. Maji yakishajaa gesi hiyo, yake inakwama ndani. Damu inakuwa na asidi na inashindwa kubeba oksijeni vizuri. Ndiyo maana unawaona wamepanda juu, midomo inapiga-piga kwenye uso wa maji. Mtu anasema, "Aki, wananiomba chakula." Hawaombi chakula, mtu wangu. Wanakosa pumzi.

Usiku mambo yanaharibika zaidi. Taa ikizimwa, mimea inaacha kutumia CO2 na inaanza kufanya kama samaki: inavuta oksijeni, inatoa CO2. Ndiyo sababu mfumo kamili una solenoidi, yaani valvu ya umeme, na taima ya kuifunga taa zikizimwa. Sasa niambie, chupa ya hamira inazimwa wapi? Haina swichi. Hamira hailali. Joto likipanda, inachacha kwa kasi zaidi.

Halafu ongeza maisha yetu ya hapa. Stima inapotea saa tatu usiku, au tokeni zimeisha na mwezi haujafika mwisho. Filta inasimama. Pampu ya hewa inasimama. Maji yanatulia tuli. Solenoidi za matangi kwa kawaida hujifunga umeme ukikatika, kwa hivyo mwenye nayo ana nafuu. Mwenye chupa, au mtungi wa kufungua kwa mkono, gesi yake inaendelea kuingia gizani. Asubuhi anaokota samaki mmoja mmoja, kisha anaandika kwa grupu: "Ni ugonjwa gani huu umemaliza samaki wangu usiku mmoja?" Usitafute ugonjwa. Angalia chupa.

Na chupa yenyewe si rafiki. Tyubu ikiziba, presha inajaa hadi kitu kipasuke, na kama umetumia chupa ya glasi, vipande havichagui pa kwenda. Povu likipanda kwenye tyubu, supu ya sukari na hamira inaingia kwa tangi, maji yanageuka maziwa, bakteria wanakula sherehe na kumaliza oksijeni.

"Sawa, basi nitanunua mtungi kama mapro." Hapo ndipo naogopa zaidi.

Ndani ya mtungi, CO2 ni kimiminika chenye presha ya karibu baa 57 kwa joto la nyuzi 20. Gurudumu la gari dogo lina baa 2 na kidogo tu. Uache mtungi huo kwa gari lililofungwa juani, presha inapaa. Kuna wale wanaochukua mtungi mkuukuu wa kuzima moto ati ni bei ya chini. Huo una mrija ndani unaofika chini kabisa, kwa sababu kazi yake ni kutoa kimiminika. Ukiufungia reguleta bila fundi anayejua kuutoa huo mrija, unasukuma kimiminika mahali palipotengenezewa gesi. Na reguleta ya bei rahisi, ile ya hatua moja, ina tabia mbaya: mtungi ukikaribia kuisha, inaweza kuachilia gesi nyingi kwa mpigo. Tangi lote linaisha wewe ukiwa kazini.

Sasa tuhesabu bedsita yako. Kilo 2 za CO2 zikitoka zote zinajaza karibu mita za ujazo 1.1. Chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2.5, ni mita za ujazo 22.5. Dirisha na mlango zikiwa zimefungwa, hiyo ni karibu asilimia 5 ya hewa ya chumba. Hewa ya kawaida ina kama asilimia 0.04. Huko Marekani, taasisi ya usalama kazini, NIOSH, inahesabu asilimia 4 kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Mtungi wa kilo 5 unakupeleka asilimia 12, na ukishapita 10 mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache. Ndiyo, uvujaji wa polepole utapitia chini ya mlango. Ninaongelea siku valvu inapoachilia yote mara moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hivyo inatulia chini. Godoro lako liko wapi?

Kiswahili tayari kina jina la kifo cha aina hii. Kule Goma, Kongo, CO2 inayotoka ardhini kwenye eneo la volkano hujikusanya mabondeni, na mtu au mbuzi akiingia anaanguka. Wenyeji wanaiita mazuku. Mwaka 1986, Ziwa Nyos nchini Kameruni lilitapika gesi hiihii na watu karibu 1,700 wakafa. Sisemi mtungi wako ni volkano. Nasema gesi ni ileile, na haina harufu ya kukuamsha. Gesi ya kupikia imetiwa harufu makusudi ili uisikie ikivuja. Hii haijatiwa.

Najua mtaniletea Takashi Amano, yule Mjapani aliyefanya matangi ya mimea yawe sanaa. Kweli, alitumia CO2. Lakini Amano hakuwa amelala futi mbili kutoka kwa mtungi pale Rongai.

Na habari njema ni kwamba huihitaji. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika yetu hii ya Magharibi na Kati, inakua bila mtungi. Java fern, cryptocoryne na vallisneria pia. Mmarekani Diana Walstad aliandika kitabu kizima mwaka 1999 kuhusu matangi ya udongo chini na changarawe juu, ambapo udongo ukioza unatoa CO2 kidogo kidogo, bure. Shida ni moja tu: mmea unaokua polepole haupigi laiki.

Kama ni lazima uweke gesi, basi kamilisha: solenoidi na taima, izimwe kabla ya taa. Kichupa cha kupimia kiwe kijani, kikigeuka manjano gesi imezidi, na kumbuka kinachelewa saa moja au mbili. Mtungi usimame wima, ufungwe, uwe umepimwa presha, usikae kando ya kitanda, na dirisha liachwe wazi. Ukiona samaki wamepanda juu, funga gesi, washa pampu ya hewa, badilisha maji. Stima ikiwa imepotea, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu hadi watulie.

Na nyinyi wenye video, ombi moja. Geuzeni kamera. Tuonyesheni mtungi, valvu, dirisha, na tangi asubuhi baada ya stima kupotea. Mkishindwa kuonyesha hayo, acheni kuwaambia watoto wa watu kwamba siri ni sukari na hamira.