Ulimi wa Mbwa Uwekewe Mpaka

Katika vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria, mbwa ni mlinzi wa boma kabla ya kuwa kitu kingine. Hulala nje, na akilamba sufuria ni ile aliyotengewa uani. Lakini katika mitaa ya Kisumu wako mbwa ambao siku hizi wameingia sebuleni. Mtoto akirudi kutoka shule hulambwa mikono, mashavu, hata midomo, na wazazi hucheka na kusema, "Anampenda."

Kweli, anampenda. Mbwa mchanga humlamba mama yake mdomo akiomba chakula, na akikua huendelea kulamba kwa kusalimu na kubembeleza. Ubaya haumo katika mapenzi hayo. Umo katika sisi tunaomwachia mnyama aamue mpaka uko wapi. Wahenga walisema: ukicheza na mbwa, utaingia naye msikitini.

Sisi watu wa ziwa tuna sababu ya kulitazama jambo hili. Mgonjwa wa kwanza wa kichaa cha mbwa aliyeripotiwa katika Kenya, mwaka wa 1928, alikuwa mwanamke wa sehemu hizi za ziwa. Na mpango wa serikali wa 2014, wenye shabaha ya kukomesha vifo vya ugonjwa huo ifikapo 2030, uliweka Kisumu na Siaya miongoni mwa sehemu za kuanzia.

Wengi hudhani ugonjwa huo huletwa na meno tu. La, umo katika mate. Mbwa mgonjwa akilamba kidonda, mchubuko, jicho au mdomo, humwambukiza mtu. Akilamba ngozi isiyo na jeraha, hakuna hatari hiyo. Lakini dalili zikishatokea, ni nadra mno mtu kupona.

Basi mpaka ni huu: mkono usio na jeraha, sawa, kisha unawiwe kwa sabuni. Uso, vidonda na vyombo vya kulia, hapana. Akianza kulamba uso, simama na ugeuke. Usicheke wala usipige kelele, maana kwake huo ni mchezo. Akitulia, msifu. Kumpiga hakufai, kwani mbwa mwenye hofu huuma. Na amri iwe moja nyumbani. Baba akikataza na watoto wakiruhusu, mbwa atashika lipi?

Juu ya yote, mbwa achanjwe kila mwaka, na mtoto afunzwe kusema. Akilambwa kidonda na mbwa asiyechanjwa au asiyejulikana, kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto anayejua kwamba atachapwa kwa kucheza na mbwa hatasema neno, na kimya hicho chaweza kumpotezea maisha.