Kupanga Kipeperushi

Atakaye kupiga chapa kipeperushi, na aulize kwanza: ni nani atakayekisoma? Huko Kakuma swali hilo si dogo. Kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 ina watu wa Sudani Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi, nao ni jirani za Waturkana wenyeji. Kisomali huandikwa kwa herufi za Kirumi tangu 1972; Kiamhari kina herufi zake; Kiarabu huanzia kulia.

Karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297, ikikunjwa mara mbili hutoa kurasa sita, kila moja upana wa milimita 99. Ule ukunjwao ndani upunguzwe milimita mbili hivi, usije ukajikunja. Lakini cha Kiarabu mkunjo wa jalada huwa kulia. Ukikipanga kama cha Kiswahili, msomaji atakianza mgongoni! Basi kiwe na karatasi yake peke yake.

Habari iwe moja. Kama ni chanjo, siku, saa na mahali viwekwe jaladani, kwa herufi kubwa. Mama aliyetembea juani na mtoto mgongoni, akikuta zahanati imefungwa kwa kuwa siku ilifichwa ukurasa wa nne, hataiamini karatasi nyingine. Picha za wakubwa (wapendazo sana wakubwa wenyewe) ziende nyuma.

Kabla ya kukipeleka kwa mpiga chapa, mpe asiyeijua habari hiyo akisome, kisha akueleze aende wapi na lini. Akisitasita, andika upya.