Dhamira Tegemezi ya Wakati Uliopita: Je, Kiswahili Kimepungukiwa?

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu, na kila lugha ina namna yake ya kumlea mjukuu huyo. Katika Kihispania, kazi hiyo hufanywa aghalabu na dhamira tegemezi ya wakati uliopita. Uundaji wake hauna fumbo. Huchukuliwa kitenzi cha wakati uliopita katika nafsi ya tatu wingi, kikadondoshwa -ron na kupachikwa -ra au -se: 'tuvieron' (walikuwa na) huzaa 'tuviera' au 'tuviese'. Umbo la -ra ndilo lililotamalaki katika mazungumzo, hasa Amerika ya Kilatini.

Wapo wanafunzi wa lugha za kigeni ambao, wakishalijua umbo hili, hudai kuwa Kiswahili ni pungufu kwa kutokuwa nalo. Dai hili ni potofu. Mhispania husema, 'Si tuviera dinero, compraría un libro'; Mswahili husema, 'Ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu.' Mhispania hutumia maumbo mawili, moja katika sharti na jingine katika matokeo. Kiswahili hutosheka na -nge- pande zote mbili. Fursa ikiwa imekwisha kupita, Kihispania hukimbilia 'hubiera tenido', nacho Kiswahili hukimbilia -ngali-. Hata adabu ya 'quisiera' ina mwenzake katika 'ningependa'.

Tofauti ya kweli imo kwingineko. 'Quiere que venga' (anataka aje) hugeuka kuwa 'quería que viniera' pindi kitenzi kikuu kinapoingia wakati uliopita. Kwa Kiswahili, 'anataka aje' huwa 'alitaka aje': kitenzi cha kwanza kimekwisha kutaja wakati, cha pili hakina haja ya kuurudia. Uwekevu huo hauwezi kuitwa upungufu.

Anayeumia kwa kutolielewa jambo hili ni mfasiri, na pamoja naye msomaji wake. Akiamini kuwa kila umbo la kigeni sharti lipate pacha, ataandika 'alitaka kwamba angekuja', sentensi ambayo sikio la Mswahili huikataa papo hapo.

Kihispania na kisomwe kwa bidii, kwani hufungua mlango wa fasihi ya Cervantes na García Márquez. Lakini anayeuingia mlango huo na atangulie kuijua sarufi ya lugha yake, asije akasema kesho, 'Ningalijua!'