Mgonjwa wa Kifua Kikuu Aelezwe Habari za RNA

Katika kliniki za kifua kikuu za Temeke na Kinondoni, mgonjwa aliyemeza dawa kwa miezi 2 huwa na swali moja: je, vimelea vimekufa? Homa imemwacha, uzito umerudi, na nauli ya kutoka Mbagala inamwelemea. Mara nyingi hujibiwa kwa amri: maliza miezi 6. Amri hiyo ni sahihi, lakini haitoshi, kwani mtu huvumilia zaidi taabu anayoijua sababu yake.

Sababu yenyewe imo katika RNA, nakala ambayo bakteria huichukua kutoka kwenye DNA yake ili atengeneze protini. Rifampisini, dawa ileile inayoutia mkojo rangi ya machungwa na kuwatisha wengi, hukizuia kimeng'enya kinachoandika nakala hiyo. Bakteria waliolala, wasioandika karibu chochote, huchelewa kufa. Miezi 4 ya mwisho, mgonjwa anapojiona mzima, ni ya kuwamaliza hao. Dozi ikikatwa, huamka.

Mtambo huo ni wa kale mno. Mwaka 1989 Sidney Altman na Thomas Cech walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuonyesha kwamba RNA yenyewe yaweza kuchochea mabadiliko ya kikemia, kazi iliyodhaniwa kuwa ya protini peke yake. Altman aliligundua hilo katika bakteria wa utumbo. Ndipo dhana ya kwamba uhai wa awali ulitegemea RNA, kabla ya DNA na protini, ikapata nguvu. Haijathibitishwa. Hata hivyo, ndani ya ribosomu za kila kiumbe, binadamu na bakteria, anayeunganisha protini mpaka leo ni RNA. Tofauti ndogo kati ya ribosomu zetu na zao ndizo zinazoiwezesha azithromaisini kumpiga bakteria na kumwacha mgonjwa. Ni hasara kuichezea nafasi hiyo finyu kwa vidonge vitatu vya dukani kila mafua yanapobisha hodi, ilhali mafua huletwa na virusi, ambavyo havina ribosomu kabisa.

Mashine ya GeneXpert husoma DNA: hutambua ugonjwa na usugu wa rifampisini, lakini DNA hubaki hata bakteria akiwa amekufa, hivyo haifai kupima maendeleo ya tiba. RNA huoza upesi zaidi. Ikionekana, yaelekea bakteria yu hai. Kipimo cha kuhesabu RNA ya ribosomu katika makohozi kimekwisha kujaribiwa na watafiti wa Mbeya, na kingestahili kufika Mbagala na Tandale, kwa kuwa ndicho kinacholikaribia swali la mgonjwa. Hadi kifike, muuguzi atenge dakika tano za kumweleza haya siku ya kwanza, kabla mgonjwa hajauona mkojo wake.