Kome wa Ziwa Wapimwe

Wananchi wa Bumbire na Goziba huchota maji ya kunywa palepale wanapoegesha mitumbwi. Mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Viktoria lilijaa likafunika mialo. Twauliza: uchafu wa mialo uliishia wapi?

Shahidi yupo, naye ni kome, kiumbe tunayemkanyaga bila kumtazama. Hahami mbali, huchuja maji usiku na mchana, na zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, ikifika ziwani, humkaa mwilini. Marekani ilianza kuwapima kome wa pwani zake mwaka 1986.

Twaishauri Halmashauri ya Muleba ishirikiane na TAFIRI kuwapima wa kwetu, na matokeo yabandikwe mialoni, yasifungiwe kabatini.