Akili bandia ya fundi mmoja haijui aliyoamua mwenzake

Vijana wengi wanaotengeneza programu za ordinatere hawaandiki tena kila mstari kwa mkono wao. Wanaeleza wanachotaka, msaidizi wa akili bandia anaandika, wao wanasoma na kusahihisha. Kazi inaenda mbio. Lakini watu wawili ao watatu wakianza kugusa programu moja, kunaonekana shida ambayo mbio haiponyi: kila msaidizi anajua tu yale mwenye kumtumia alimwambia.

Mfano wa kufikiri tu. Vijana watatu wanatengeneza programu ya kuuzisha dawa kwa ajili ya farmasi. Mmoja iko Goma, wa pili Bukavu, wa tatu Bunia. Yule wa Goma alimweleza msaidizi wake siku ya kwanza: bei zote zinawekwa kwa franka, dola ni ya kuonyesha tu kwa kiwango cha siku. Msaidizi akafuata, kazi ikatoka muzuri. Kiisha yule wa Bukavu anafungua programu ile ile kwenye ordinatere yake. Msaidizi wake anakuta fasi imeandikwa « bei » na namba 500, bila kitu kingine. Anafikiri ni dola, anazidisha na kiwango. Plakete ya parasetamoli ya franka 500 inaruka na kupita franka milioni moja.

Kosa kama hilo angalau linachekesha, na mteja wa kwanza atalipigia kelele. Baya ni lile lisilopiga kelele. Kijana wa Goma aliamua pia kwamba kila mauzo yabaki na kiwango cha dola cha siku yake, juu kiwango kinapanda na kushuka. Msaidizi wa yule wa Bunia, akiombwa kusafisha programu, anaona safu hiyo ya viwango vya zamani kama marudio ya bure na anaitoa. Tangu hapo hesabu za miezi iliyopita zinapigwa kwa kiwango cha leo. Hakuna kitu kinachovunjika, skrini inaonyesha namba safi. Mwenye farmasi atagundua siku anapolinganisha na karatasi zake, kama bado iko nazo.

Hapo hakuna aliyedanganya wala aliyekuwa mvivu. Programu inaonyesha kinachofanyika, haionyeshi juu ya nini kiliamuliwa hivyo. Peter Naur, mtaalamu wa Danmark, aliandika tangu 1985 kwamba programu ya kweli inaishi katika vichwa vya watu walioijenga, na maandishi peke yake hayatoshi kuirudisha wakiondoka. Wakati huo hakukuwa msaidizi wa kuzungumza naye. Leo sehemu ya maelezo hayo inasemwa kwa mashine, katika mazungumzo ya mtu mmoja, na wenzake hawayaoni.

Mazungumzo yanabaki wapi?

Msaidizi wa namna hii anafanya kazi na kile kilicho mbele yake kwa wakati huo: maswali ya mtu, majibu yake mwenyewe, na mafishie aliyofungua. Nafasi hiyo iko na mpaka. Kwa baadhi ya modeli za Claude, kwa mfano, ilikuwa vipande vya maneno 200.000. Mazungumzo mapya yakianza, meza inapanguswa. Kuna vyombo vinavyojiandikia kumbukumbu, lakini mara nyingi inakaa kwenye ordinatere ao konti ya mtu mmoja. Ni kama muuguzi wa zamu ya usiku anayeandika hali ya wagonjwa katika kaye yake mwenyewe, kiisha anarudi nayo nyumbani asubuhi.

Shida hii imepimwa kidogo. Mwezi wa saba 2025, shirika METR la Marekani lilitoa utafiti juu ya watengenezaji 16 wenye uzoefu, kwa kazi 246 katika miradi waliyoijua vizuri. Walipotumia akili bandia walichukua wakati zaidi wa asilimia 19, huku wenyewe wakiamini imewaongezea mbio kwa asilimia 20. Kati ya sababu ambazo watafiti walitaja, kuko hii: watu hao walikuwa na maarifa ya mradi ambayo hayakuandikwa popote, na mashine haikuwa nayo. Utafiti huo ni wa watu wachache, na vyombo vimebadilika tangu hapo. Sababu hiyo lakini mtu yeyote aliyefanya kazi katika ekipe anaitambua.

Dawa iliyopatikana ni ya kawaida kabisa: fishie moja ya maandishi, inawekwa ndani ya mradi wenyewe, na msaidizi wa kila mtu anaisoma kabla ya kuanza. Kila kampuni ilichagua jina lake. Claude Code, iliyotoka Februari 2025, inasoma CLAUDE.md. GitHub Copilot iko na copilot-instructions.md, Cursor iko na folda yake ya sheria. Ekipe yenye vyombo vitatu ilijikuta inaandika jambo moja mara tatu. Katika 2025 likaja jina la pamoja, AGENTS.md, na mwezi wa 12 likawekwa chini ya Linux Foundation, ili lisiwe mali ya kampuni moja.

Fishie hiyo inasafiri pamoja na programu kupitia Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 2005. Git inaweka historia: nani alibadilisha mstari gani, siku gani. Kwa hiyo ule mstari wa « bei zote ni kwa franka » ungeingia Bukavu na Bunia siku ile ile, na yule asiyekubali angeweza kuuliza sababu.

Kuna ekipe zinazotaka kuweka mazungumzo yote, neno kwa neno. Inaonekana ni usalama, kumbe inaleta vurugu. Ndani yake kuko mawazo yaliyoachwa, makosa, majaribio ya saa sita za usiku, na msaidizi anaweza kuchukua wazo lililokataliwa kama amri. Tena, kila kipande kinachosomwa kinahesabiwa, na wanaolipa kwa matumizi wanalipa kila mara. Kinachofaa kushirikiwa ni uamuzi na sababu yake: franka, kwa kuwa duka linanunua kwa franka, kiwango cha siku kisifutwe, kwa kuwa hesabu za zamani zinakitegemea. Mistari 40 inayosomwa ni bora kuliko kurasa 40 ambazo hata aliyeziandika hazirudii.

Kwa lugha, Kifaransa kinafanya kazi vizuri. Kiswahili kinaeleweka pia, ila modeli hizi hukata maneno yake katika vipande vingi kuliko ya Kiingereza, na hapo bei inapanda. Ni aibu kidogo, lakini ndivyo ilivyo.

Kinachoingia kwa wote

Fishie inayosomwa na wote inaweza pia kuharibu kwa wote. Machi 2025, kampuni ya usalama Pillar Security ilionyesha kwamba mtu anaweza kuficha herufi zisizoonekana kwa macho ndani ya mafishie ya sheria ya Cursor na Copilot, na msaidizi akaandika programu yenye mlango wa wezi bila mwenyewe kujua. Kuchukua fishie ya mtu mwingine kwenye intaneti na kuibandika bila kuisoma ni hatari, na hata badiliko la mwenzako linapaswa kupitiwa na macho mawili, kama programu yenyewe.

Jambo la pili linagusa wakaaji moja kwa moja. Ili msaidizi aelewe haraka, kijana anabandika orodha ya kweli ya wagonjwa, ao neno la siri la hifadhi ya habari. Maneno hayo mara nyingi yanaenda kwenye mashine za kampuni inje ya inchi. Yakiingia katika fishie ya pamoja, Git inayaweka katika historia, na kuyafuta leo hakuyatoi katika kurasa za jana. Congo iko na sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023, inayogusa pia ulinzi wa habari za watu. Majina ya kubuni yanatosha kwa kufundisha mashine.

Mwenye farmasi ao kituo cha afya hawezi kusoma programu, na si kazi yake. Anaweza lakini kuweka katika mkataba kwamba siku ya kupokea kazi apewe vitu vitatu: programu pamoja na historia yake ya Git, fishie ya maamuzi, na funguo za konti zote. Kiisha amwombe kijana mwingine, ambaye hakushiriki, aifungue na ajibu swali moja kwa kusoma fishie hiyo tu: bei ya parasetamoli iko kwa pesa gani?